Cheti kilifika, baiskeli haikufika: walimu wa UPE wa Issenye

Mei Mosi ya mwaka 2025 redio ya baba yangu mkubwa ilikuwa juu ya kigoda, chini ya mwembe, Issenye, wilayani Serengeti. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Singida akihutubia wafanyakazi. Alipotangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, mzee alipunguza sauti, akaingia ndani, akarudi na cheti kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni.

Ni cheti cha mfanyakazi bora. Alikabidhiwa siku kama hiyo, miaka ya themanini, mbele ya umati uliokuwa ukipiga makofi. Pembe moja imeliwa na mchwa, lakini jina lake linasomeka. Pamoja na cheti aliahidiwa fedha za kununulia baiskeli. Kwa miaka miwili alifuatilia ofisi moja hadi nyingine, akiambiwa fungu halijafika. Akastaafu akitembea kwa miguu.

Siku hizi motisha kazini ina semina zake na wataalamu wake. Mzee anasema wakulima wa Issenye waliijua kabla ya kuwapo kwa mshahara. Mwenye shamba kubwa aliita majirani kulima, akawapikia na kuwaandalia pombe ya ulezi au mtama. Aliyewalisha vizuri na kuwashukuru mbele za watu, msimu uliofuata walikuja wengi zaidi. Aliyewapunja alilima na mkewe. Kisha mkoloni akaleta kodi, na watu wakalazimika kutafuta kazi ya fedha, wapende wasipende.

Baada ya Uhuru, suala la nani alipwe nini liliitikisa nchi zaidi ya mara moja. Januari 1964 wanajeshi waliasi, na mshahara ulikuwa miongoni mwa madai yao. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewaacha na asilimia 40 tu ya mshahara kwa muda wa utumishi huo. Rais wa wakati huo, Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama hapa hapa mkoani Mara, aliwafukuza chuoni na papo hapo akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ukafuata Mwongozo wa 1971 wa chama tawala, TANU, uliokemea viongozi wenye majivuno na dharau. Wafanyakazi wa viwandani waliushika kama ngao, na migomo mingi ya miaka ile ilihusu jinsi mabosi walivyosema na watu.

Lakini ukikaa na baba mkubwa, historia yote hiyo ni utangulizi tu. Kwake jambo lenyewe linaanza Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma na kuamua kwamba kufikia Novemba 1977 kila mtoto wa Tanzania awe na nafasi ya shule ya msingi. Lilikuwa Azimio la Musoma, na elimu hiyo kwa wote ikajulikana kwa herufi tatu za jina lake la Kiingereza, Universal Primary Education: UPE. Watoto walikuwapo. Walimu hawakuwapo, na vyuo visingeweza kuwatoa kwa miaka mitatu. Serikali ikawageukia vijana waliomaliza darasa la saba. Walifundishwa ualimu huko huko vijijini kwa miaka mitatu, huku wakiwa tayari wanafundisha. Zaidi ya vijana 35,000 nchini kote walipitia njia hiyo, na baba mkubwa alikuwa mmoja wao.

Bado ana sanduku la bati lenye vijitabu vya masomo kwa njia ya posta. Asubuhi alifundisha darasa la kwanza chini ya mti, watoto wakiandika kwa vijiti mchangani. Mchana alisoma yeye. Jioni alisikiliza vipindi vya redio, na betri zilipochoka alizianika juani juu ya bati ili zipate nguvu ya kipindi kimoja zaidi. Mratibu alipita kuwakagua na kuwaelekeza. Mwisho wa yote walikwenda chuoni kwa wiki sita, wakarudi walimu kamili.

Kamili kwa karatasi. Mitaani walizushiwa tafsiri ya UPE: "Ualimu Pasipo Elimu". Mzee anakumbuka siku mwalimu mwenzake, aliyetoka chuo cha kawaida, alipoitamka ofisini mbele ya wazazi. Kikao kizima kilivunjika. Vijana watatu wa UPE, yeye akiwemo, walitoka, na kesho yake hawakuingia darasani. Hakuna aliyewafuata kutoka wilayani. Waliorudisha amani ni wazazi. Walifika wakiwa na majembe, wakalima mashamba ya walimu wale watatu hadi jua la adhuhuri, kisha mzee mmoja akawaomba warudi kwa watoto. Siku ya tatu kengele ilipogongwa walikuwa darasani.

Nimemuuliza mara nyingi kama ni posho iliyomweka kazini miaka ile. Kila mara ananirudisha kwenye majembe yale. Namwelewa, ila nakataa jibu hilo litumike kuhalalisha njaa ya mwalimu. Hali ya uchumi ilipokuwa mbaya miaka ya themanini, mshahara ulimezwa na bei, na walimu waliuza maandazi kwa wanafunzi wao wenyewe. Heshima bila chakula huchakaa. Chakula bila heshima nacho hakimfanyi mtu aamke usiku kusahihisha madaftari.

Baadaye kikaja Chama cha Walimu, kilichosajiliwa 1993. Ukaja mgomo wa nchi nzima wa Julai 30, 2012, ambao mahakama iliusimamisha baada ya siku chache. Wakaja pia walimu wa leseni walioandaliwa haraka haraka, wakaitwa "Voda Fasta", na kejeli ya UPE ikapata mdogo wake. Mishahara imepanda, na ongezeko la 2025 ni jambo la kushukuru kwa dhati. Hata hivyo mwalimu kijana anayepangiwa kijiji cha pembezoni bado huanza kwa kutafuta chumba cha kupanga, na posho ya mazingira magumu bado ni wimbo wa kila Mei Mosi.

Katika shule nyingi za msingi kuna ubao ofisini wenye majina ya walimu wakuu tangu shule ilipofunguliwa. Ni jambo jema. Nimeuangalia ubao wa shule alikofundisha baba mkubwa. Hayumo, kwa sababu hakuwahi kuwa mwalimu mkuu. Wenzake wawili hawamo pia, nao wamekwisha kufariki. Ubao mwingine, wa mbao na rangi nyeupe, unagharimu kidogo kuliko baiskeli. Waandikwe vijana wa UPE wa kila shule, kwa majina matatu matatu, wakati wapo wanaoweza kuyataja.

Mzee alipokifunga tena cheti chake, aliniuliza kama hiyo nyongeza ya Julai itamfikia na yule mwalimu mpya anayepanga jirani. Nilimwambia itamfikia. Akaongeza sauti ya redio.