Giza la Kwenye Picha
Mwaka 1976, Philadelphia, Marekani, watu wa kwanza walidungwa sukari yenye mionzi ili ionekane jinsi ubongo unavyoitumia. Ilitengenezwa maabara ya Brookhaven, ikaletwa kwa ndege haraka haraka, maana mionzi yake hupungua nusu kila dakika 110.

Picha zikapatikana. Lakini je, vipimo vilikuwa sahihi? Mwaka 1979 Edward Hoffman na wenzake walionyesha kwamba kitu kikiwa kidogo mno kwa mashine, mng'ao wake humwagikia pembeni, kikaonekana hafifu kuliko kilivyo. Na gamba la ubongo lina unene wa milimita chache tu!

Basi mzee aliyesinyaa ubongo angeweza kudhaniwa umefifia, kumbe umepungua unene tu. Ndiyo maana baadaye wataalamu walianza kusahihisha vipimo hivyo kwa picha za MRI, zinazoonyesha umbo lenyewe.