Kujijua na Kujiona: Habari za Nafsi katika Maandiko ya Kiswahili

Kiambishi -ji- ni kimoja kwa nafsi zote. Mtu husema najijua, wajijua, ajijua, wala kiambishi hakigeuki kama wageukavyo wenziwe ni-, ku- na m-. Lakini vitenzi vinavyokichukua havikupewa heshima sawa. Kujijua ni sifa. Kujiona ni aibu, na pamoja nako huhesabiwa kujivuna, kujikweza, kujidai na kujifanya. Hata nafsi, neno lililotoka katika Kiarabu, ni roho na tena ni mtu mwenyewe. Walakini ubinafsi, uliotokana na asili ile ile, ni choyo. Atakaye kuandika maisha yake kwa lugha hii hupewa kazi ngumu tangu neno la kwanza: ajijue, wala asijione.

Husemwa mara nyingi kuwa habari za nafsi ni ugeni katika Kiswahili, na kwamba zililetwa na Wazungu pamoja na mitambo ya chapa. Neno hili lina nusu ya kweli. Waandishi wa Kiswahili walikuwa na haja ya udhuru wa kujisemea, na udhuru wao ulikuwa ni mtu wa kuambiwa. Wazungu walileta msikilizaji mpya, na kila msikilizaji alipobadilika, sehemu ya nafsi iliyodhihirika ilibadilika pia.

Utendi wa Mwana Kupona binti Msham watosha kuwa ushahidi. Ulitungwa mwaka 1858, kabla ya Mzungu yeyote kumwomba mtu wa pwani aandike maisha yake. Mtungaji alikuwa mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, yule aliyeshindana na Seyyid Said wa Unguja. Alimwita binti yake aje na wino na karatasi, akampa mawaidha juu ya dini, adabu na mume. Wasomaji wengi, wakifuata jina ambalo Werner na Hichens walikipa chapa chao cha 1934, huuhesabu kuwa ni kitabu cha wajibu wa mke, kisha basi. Hilo ni kuusoma nusu. Ndani ya mawaidha mna habari za ndoa yake mwenyewe: jinsi alivyokaa na mumewe pasipo ugomvi na jinsi mume huyo alivyomwombea heri alipokuwa akifa. Mambo hayo hakuyasema ili ajisifu. Aliyasema kama mzazi aonyeshavyo hati ya mali anayorithisha. Binti asingalikuwapo, mama asingaliweza kuyatamka bila ya kuonekana ajiona.

Mwana wa Seyyid Said, Salme, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 na kujulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, naye aliwaandikia watoto wake. Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1886, nacho kimeandikwa kwa Kijerumani, lugha ya watoto hao. Kwa hiyo ilimpasa kueleza kila kitu, hata mavazi na chakula, mambo ambayo mama wa Siyu hakuwa na haja ya kuyaeleza.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, msikilizaji wake alikuwa mgeni kabisa. Heinrich Brode, aliyekuwa katika ofisi ya balozi wa Udachi mjini Unguja, alimshawishi aandike maisha yake. Mzee akaandika kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Brode akayageuza katika herufi za Kirumi, na yakapigwa chapa Berlin mwaka 1902 na 1903, kabla ya mwandishi kufariki mwaka 1905. Mwenye kutafuta toba au majuto humo atatoka mikono mitupu. Yamejaa safari, pembe, madeni, vita na hesabu za watu. Watumwa wamo kama mizigo ilivyomo. Jina lake alilieleza kwa mlio wa bunduki zake, na wengine walisema latokana na kupepesa kwa macho yake; yeye alichagua bunduki.

Hata hivyo mna mahali pamoja ambapo msomaji humwona mtu huyu kwa karibu sana. Ni pale anaposimulia jinsi alivyoupata utawala wa Utetera. Alikuwa amesikia kwamba ndugu wa kike wa mtemi Kasongo Rushie walitekwa zamani vitani. Akajitokeza akadai kuwa yeye ni mzao wa mmoja wao. Mtemi akaamini, akamkabidhi nchi. Haya yote mwandishi ayasimulia waziwazi, bila ya kujificha na bila ya kuomba radhi, kama mfanya biashara aelezavyo bei nzuri aliyoipata. Kujifanya, ambako lugha yakuhesabu kuwa aibu, kwake kulikuwa ujuzi. Alijua barabara kwamba barani mtu ni yule ambaye nasaba yake imekubaliwa, na kwamba nasaba yaweza kutungwa. Huko nako ni kujijua, ijapokuwa si kwa namna itakiwayo na wenye kupenda toba. Na pengine aliweza kulisema kwa sababu tu msikilizaji alikuwa Mdachi, ambaye hakuwa na haki ya kumhukumu. Angaliwaandikia wanawe, sura hiyo huenda ingalipungua.

Safari alizozikusanya Carl Velten mwaka 1901 ni za namna hiyo hiyo. Salim bin Abakari alifika Urusi na Siberia mwaka 1896. Njia na watu wamo kwa wingi, yeye mwenyewe ni kidogo.

Shaaban Robert alipotoa Maisha Yangu mwaka 1949, alirudi kwa msikilizaji wa Mwana Kupona. Utenzi wa Hati aliutunga kwa binti yake, na ule wa Adili kwa mwanawe. Habari za utoto wake ni haba. Amina, mke aliyefariki, amepewa nafasi ambayo kazi ya ukarani serikalini haikuipata. Lakini hapa pana jambo jipya, nalo ni kwamba huzuni imekuwa hoja. Mwandishi hupima tabia yake mwenyewe, huuliza kama alitenda haki, kisha hutoa hukumu. Na hukumu hiyo, ni lazima isemwe, mara nyingi ni ya kumpendelea mshtakiwa.

Yeye ndiye pia aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja ambaye sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri Bombay mwaka 1928. Siti hakujua kuandika. Shaaban Robert alikutana naye na kumhoji muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka 1950. Katika wasifu huo Siti husifiwa kwa unyenyekevu, subira na moyo wa kutojiona, sifa zile zile alizozipenda mwandishi katika vitabu vyake vyote. Na mahali ambapo neno la mwimbaji lakoma na la mwandishi laanza, hapaonekani.