Kasuku Anaongea kwa Mwili Mzima, Sisi Tunasikiliza Mdomo Tu

Hapa Kenya ukimwita mtu kasuku, umemtusi. Unamaanisha anakariri tu. Mwanafunzi aliyemeza noti za historia na kuzitapika kwa mtihani bila kuelewa, huyo ni kasuku. Mwanasiasa anayerudia leo kile bosi wake alisema jana, kasuku pia. Hata ule mkebe wa kupimia viazi na maharagwe sokoni tunauita kasuku, kwa sababu ya mafuta ya kupikia yaliyokuja ndani yake. Jina liko kila mahali. Ndege mwenyewe ndiye hatumjui.

Najua mnapenda zile vidio za kasuku anayetukana wageni. Hata mimi nimecheka. Lakini hebu tupitie historia kidogo, kwa sababu kuna kosa moja binadamu amelirudia kwa zaidi ya miaka 2,000: kusikiliza maneno ya kasuku na kupuuza mwili wake. Ile "habari yako" anayosema ni yetu, tulimpatia sisi. Lugha yake mwenyewe iko kwa macho, manyoya, mabawa na miguu.

Tuanze na Wagiriki. Karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle aliandika kuhusu ndege wa India anayesemekana kuwa na ulimi kama wa binadamu. Akaongeza kwamba akinywa divai anakuwa mtundu zaidi. Yaani hata zamani hizo, watu walikuwa wanamlewesha ndege ndio wacheke! Halafu Roma, katika karne ya 1, Pliny akaeleza jinsi ya kumfundisha kuongea: unampiga kichwani kwa fimbo ya chuma, kwa sababu kichwa chake ni kigumu kama mdomo wake, na bila hivyo eti hasikii kiboko. Sasa fikiria huyo ndege anavyojikunyata kila mkono ukimkaribia. Wageni wanasikia salamu na kupiga makofi. Mwili unaonyesha woga, na hakuna anayeangalia.

Mwaka wa 1637 mwanafalsafa Mfaransa René Descartes aliandika kwamba kasuku anaweza kutamka maneno kama sisi, lakini hawezi kuonyesha kwamba anafikiria kile anachosema. Ukichunguza, ule msemo wetu wa "kukariri kama kasuku" unatembea njia hiyohiyo. Kipimo cha akili kimekuwa maneno. Ukishindwa na maneno, wewe ni mashine yenye manyoya.

Sasa njooni London. Ndani ya Westminster Abbey kuna kasuku wa kijivu aliyekaushwa na kujazwa, ni kati ya ndege wa kale zaidi duniani waliohifadhiwa hivyo. Alikuwa wa Frances Stuart, Duchess wa Richmond, aliyefariki mwaka wa 1702. Ndege akafa siku chache baadaye. Walioishi naye waliamini ni huzuni, na hatuwezi kumpima leo kuthibitisha. Lakini angalia kilichotokea: kwa mara moja, watu walimwona ndege aliyenyamaza na wakasema huyu anahisi kitu. Na huyo alikuwa Mwafrika mwenzetu, wa jamii ya kasuku wa kijivu wa misitu ya Afrika, aliyekufa mbali sana na kwao.

Ilichukua muda mrefu mpaka sayansi ikaanza kuangalia mwili. Mwaka wa 1872 Charles Darwin alitoa kitabu kizima kuhusu jinsi binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia, na humo akaeleza kwamba ndege wa aina nyingi husimamisha manyoya wakikasirika au wakiogopa. Mlango ulikuwa umefunguka.

Halafu farasi akaufunga. Ndiyo, farasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 mjini Berlin, mzee Wilhelm von Osten alikuwa na farasi aliyeitwa Hans, ambaye alijibu hesabu kwa kugonga kwato chini. Mji mzima ulishangaa. Mwaka wa 1907 Oskar Pfungst akachapisha uchunguzi wake: farasi hakujua hesabu. Alikuwa anasoma mwili wa anayemwuliza, mwendo mdogo wa kichwa ambao hata mwulizaji hakujua anaufanya. Kama mwulizaji mwenyewe hajui jibu, Hans alikwama.

Wanasayansi wengi walichukua funzo moja tu hapo: wanyama wanatudanganya, tuwe macho. Mimi naona funzo lingine kubwa zaidi. Huyo farasi alikuwa anasoma miili yetu vizuri kuliko tulivyowahi kusoma yake. Wanyama wa nyumbani wanatuangalia muda wote, bana. Sisi ndio hatujafanya kazi ya nyumbani.

Ndiyo maana habari ya Alex ina uzito. Mwaka wa 1977 Irene Pepperberg alinunua kasuku wa kijivu katika duka la wanyama eneo la Chicago, akafanya naye kazi kwa miaka 30, mpaka ndege alipofariki mwaka wa 2007. Alex alijifunza majina ya vitu zaidi ya 50, rangi 7, maumbo 5, na idadi mpaka 6. Kwa sababu ya kile kivuli cha Hans, majaribio yalipangwa kwa makini, mtu wa kuthibitisha jibu akiwa amempa ndege mgongo bila kuona kitu anachoulizwa. Dunia ilikumbuka maneno. Lakini Alex akichoka na maswali, alikuwa anaomba kurudishwa mahali pake, au anajibu visivyo makusudi. Yeye alibahatika kuwa na neno la kusema "nimechoka". Kasuku wengi majumbani hawana, wana mwili tu.

Na mwili unasomeka. Mwaka wa 2018 watafiti nchini Ufaransa waliangalia makasuku wakubwa wa Amerika, wale wa buluu na manjano, wakaona kwamba mlezi akiongea nao na kuwaangalia, ngozi tupu ya mashavu yao inaweza kuwa nyekundu na manyoya ya kichwa kuinuka. Ndege anaona haya? Hatujui anahisi nini hasa. Tunajua kuna kitu anaonyesha.

Haya, tukuje kwa kasuku wetu wa kijivu. Akisimama kwa mguu mmoja, manyoya yamelegea kidogo, anasagasaga mdomo polepole, huyo ametulia na usingizi uko karibu. Akiinamisha kichwa na kufungua manyoya ya shingo, anaomba kukunwa. Akibana manyoya yote mpaka anaonekana mwembamba, amenyooka, macho wazi, ameogopa. Akinguruma, ameogopa sana, rudi nyuma. Mboni zikipanuka na kusinyaa haraka haraka, amesisimka, na hapo lazima usome mwili mzima: inaweza kuwa furaha, inaweza kuwa hasira. Mkia ukifunguka kama kipepeo na manyoya ya shingo yamesimama, toa kidole chako mapema. Na akijing'oa manyoya mpaka ngozi inaonekana, mpeleke kwa daktari wa wanyama, kwa sababu inaweza kuwa ugonjwa, upweke au msongo.

Sasa rudi kwa zile vidio uone upya. Mara ngapi tunachekelea ndege aliyebana manyoya, anayenguruma, huku mtu anamsukumia simu usoni? Halafu akiuma tunasema ameuma "bila sababu". Alitoa onyo mara tano. Hakuna aliyesoma.

Na kutosoma kuna gharama kubwa kuliko kidole. Watu walitaka mdomo unaoongea, wakaenda kuutafuta msituni. Tangu 1975 zaidi ya kasuku wa kijivu milioni 1 wametolewa porini kwa biashara ya kimataifa, wengi wakinaswa kwa ulimbo na nyavu katika misitu kama ile ya Kongo. Nchini Ghana utafiti ulionyesha kwamba wamepungua kwa asilimia 90 mpaka 99 tangu 1992. Magharibi mwa Kenya, Msitu wa Kakamega ni ukingo wa mashariki wa makazi yao, na leo kumwona huko ni bahati. Mwaka wa 2016, katika mkutano wa CITES mjini Johannesburg, nchi zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini. Na hapa kwetu, sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka uwe na kibali kabla ya kufuga mnyama wa porini.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Usinunue kasuku kwa sababu anaongea. Kama tayari uko naye kihalali, kaa naye wiki moja bila kumfundisha neno hata moja. Mwangalie tu: anasimamaje asubuhi, macho yanafanya nini mgeni akiingia, manyoya yanakaaje ukinyoosha mkono. Andika hata kwa daftari. Huenda ukagundua kwamba amekuwa akikujibu miaka yote hiyo.

Na ukisikia mtu akiitwa kasuku kwa sababu anarudia bila kuelewa, kumbuka ni nani amerudia kosa moja tangu enzi za Aristotle.