Barua ya Kabambare

Tarehe 5 Februari 1871 Daktari David Livingstone, akiwa Kabambare, mji ambao yeye aliuandika Bambarre, alimwandikia barua rafiki yake wa Uingereza, Horace Waller. Tangu Julai 1870 alikuwa amekwama pale, miguu imejaa vidonda. Watu wake karibu wote walikuwa wamemwacha. Walibaki watatu tu, Chuma, Susi na Gardner. Aliyemsaidia katika shida zake alikuwa Muhammad Bogharib, Mwarabu mfanya biashara ya pembe na watumwa. Ndiyo ajabu ya mambo ya Manyema siku zile: mtu aliyechukia utumwa alilishwa na wenye utumwa.

Karatasi zilimwishia, na wino pia. Basi akatwaa magazeti ya zamani, akaandika juu ya maandishi ya chapa, akikatisha mistari yake, kwa wino alioutengeneza kwa maji ya mmea wa porini. Nao wenzake wa mbali hawakumfikia: siku moja kabla ya barua hiyo, watu waliotumwa kutoka pwani walimletea barua moja tu, na arobaini zilikuwa zimepotea njiani. Aliyewahi kungoja habari za nyumbani anajua uchungu huo.

Katika barua yake alimwambia Waller kwamba amechoka kabisa, wala hana hakika ya kumwona tena. Tena alisema maneno hayo ni kwa macho ya Waller peke yake.

Lakini wino ule ulififia hata maneno yakawa shida kuyasoma. Mwaka 2010 wataalamu waliipiga picha kwa rangi mbalimbali za mwanga, nyingine jicho la mtu haliwezi kuziona. Chapa ikafifishwa, mwandiko ukatokea. Picha hizo ziliwekwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na yeyote aweza kusoma siri ya mgonjwa yule. Mimi naona si dhambi kuisoma, ila tuisome kwa adabu.

Mwaka 2011 walifanya vivyo hivyo kwa daftari yake ya Nyangwe, mji wa soko kando ya Lualaba, si mbali na Kasongo. Hapo, tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanya biashara waliwapiga bunduki wanawake na watu wengine sokoni. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, wengi wao wakizama mtoni. Habari hiyo ilipofika Uingereza iliwaudhi watu sana, na mwaka 1873 Sultani Barghash akakubali kulifunga soko la watumwa la Unguja. Hata hivyo karatasi za kwanza zinaonyesha kwamba Livingstone, alipoinakili habari baadaye, alipunguza maneno juu ya ukali wa watu wake mwenyewe.

Yeye alifariki mwaka 1873 kwa Chitambo. Chuma na Susi na wenzao wakauchukua mwili wake pamoja na karatasi zake hata pwani, na Februari 1874 Mapadre wa Roho Mtakatifu wakawapokea Bagamoyo. Waller ndiye aliyezitengeneza zikawa kitabu mwaka ule ule. Karatasi za Waller mwenyewe zimetunzwa katika Chuo Kikuu cha Oxford.