Kijitabu cha Kijivu

Siku ukikwama kwenye jam ya Mombasa Road nyuma ya lori la masafa marefu, kagua mgongo wake. Ukibahatika utaona kibandiko cheupe chenye umbo la yai na herufi tatu nyeusi: EAK. Wengi hudhani ni pambo. Kumbe ni alama ya makubaliano yaliyotiwa saini Paris tarehe 11 Oktoba 1909, wakati dereva wa matatu hakuwa hata wazo.

Miaka hiyo gari lilikuwa starehe ya matajiri wa Ulaya. Shida yao ilianzia mpakani. Ufaransa ilikuwa inamtahini dereva kabla ya kumpa cheti. Uingereza, chini ya sheria yake ya 1903, ilitoa leseni bila kumuuliza mtu breki iko wapi. Mtihani wa lazima haukuja hadi 1935. Sasa polisi wa Ufaransa angeiaminije karatasi ya Mwingereza? Serikali zikakubaliana juu ya cheti kimoja cha kusafiria, cha mwaka mmoja, kilichomtambulisha dereva pamoja na gari lake. Zikaongeza kibao cha umbo la yai chenye herufi za nchi, na alama nne tu za tahadhari barabarani: kona, njia panda, reli na mabonde. Mwaka 1926 wakarudi Paris, wakatenganisha karatasi ya gari na ya dereva. Hapo ndipo ilizaliwa ile tunayoiita leseni ya kimataifa.

Sisi tulikuwa wapi? Koloni. Herufi EAK, yaani East Africa Kenya, tulipewa mwaka 1938, pamoja na majirani zetu: EAU ya Uganda na EAT ya Tanganyika. Bendera ilibadilika 1963. Herufi zikabaki.

Baada ya vita kuu ya pili, Umoja wa Mataifa ulichukua kazi hiyo. Mkataba wa Geneva wa 1949 ulitoa kibali cha mwaka mmoja. Ule wa Vienna wa 1968 ukaruhusu hadi miaka mitatu, na ukaeleza kila kitu hadi rangi: kijitabu kidogo, jalada la kijivu, kurasa nyeupe ndani, na maelezo yale yale yakirudiwa kwa Kifaransa, Kiingereza, Kirusi na Kihispania. Kiswahili hakikulazimishwa popote. Kenya ilijiunga na mkataba huu wa Vienna mwaka 2009.

Ndani ya kijitabu hicho hakuna uchawi. Ni tafsiri ya leseni yako, basi. Kwetu hutolewa na AA, chama chenye mizizi ya 1919, enzi za walowezi. Ukikibeba bila leseni yenyewe ya NTSA, umebeba karatasi tupu. Na yule jamaa wa mtandaoni anayekuuzia "leseni ya kimataifa" ya miaka kumi, isiyohitaji leseni ya nyumbani, anakuuzia hewa. Hakuna mkataba hata mmoja unaojua kitu kama hicho.

Hata kijitabu halali kina mipaka yake. Japani inakubali kibali cha mtindo wa 1949 pekee. Cha 1968 hawakitambui, hata kiwe na mihuri mingapi. Fikiria hilo kidogo. Vitz na Probox zinashuka Mombasa kwa maelfu kutoka Japani, tunazijua hadi sauti ya mlango, lakini ukienda kwao na kijitabu cha Vienna huwezi kukalia usukani. China nayo haikubali kibali cha kimataifa kabisa.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo nina uzoefu wa kuishi katika nchi inayouliza karatasi kabla ya kuuliza unajua nini. Labda ndiyo sababu historia hii ilinishika. Lakini iliyonifanya niisome mikataba yenyewe ni safari ya binamu yangu. Alikuwa dere wa mathree kwa miaka sita, Nairobi hii hii, mvua na jua. Akapata kazi ya udereva Dubai. Ajenti akamlipisha pesa ya "leseni ya kimataifa" akimwambia hiyo yatosha. Kufika, akaambiwa mkazi anahitaji leseni ya huko: apimwe macho, aingie darasani, afanye mtihani wa kuegesha, kisha wa barabarani. Gharama ikakatwa kwenye mshahara wake, mwezi baada ya mwezi.

Nilidhani wamemwonea. Nikasoma kifungu cha 41 cha mkataba wa Vienna, nikakuta jibu limeandikwa wazi: nchi hailazimiki kutambua leseni ya mtu aliyehamishia makazi yake ya kawaida ndani yake. Kibali ni cha mgeni anayepita. Binamu yangu hakusahaulika kwenye mkataba. Alifikiriwa, akaachwa nje.

Kuna hoja ya usalama, na siipuuzi. Kule wanaendesha upande wa kulia, na mwendo ni mwingine. Ila mtalii Mkenya mwenye kijitabu cha kijivu anaweza kushuka kwenye ndege asubuhi, akakodi gari, na mchana yuko barabarani, hata kama nyumbani huendesha Jumapili tu. Upande wa kulia haumtishi mtu? Dereva wa miaka sita ndiye anayerudishwa shule. Tofauti yao si ustadi. Mmoja amekuja kutumia pesa, mwingine amekuja kuzitafuta, na mikataba hii tangu 1909 iliandikwa kwa ajili ya wa kwanza.

Mlango huo haujafungwa kwa kila mtu, lakini. Mkazi wa Dubai mwenye leseni ya Uingereza au Japani huibadilisha bila kurudi darasani, kwa sababu serikali zilikubaliana. Kumbe inawezekana. Serikali yetu inapokaa na nchi za Ghuba kuzungumzia vibarua wetu, leseni iwe mezani pamoja na mshahara na pasipoti.

Kwa sasa, kama unasafiri kutembea, chukua kijitabu kabla ya kuondoka, na uulize kwanza nchi unayokwenda inafuata mkataba upi. Kama unakwenda kufanya kazi ya udereva, muulize ajenti swali moja mbele ya shahidi: leseni ya huko italipiwa na nani? Jibu liandikwe kwenye mkataba wa kazi kabla hujasaini.