Redio Zilizoundwa Mezani: Mafundi wa Nyumbani na Miaka ya Mwanzo ya Utangazaji

Historia ya utangazaji huandikwa mara nyingi kwa kufuata makampuni na vituo vyake, na kwa mpangilio huo mtu aliyejiundia redio nyumbani huonekana kama mfuasi aliyewasili wengine wakiwa wamekwisha kumaliza kazi. Katika Marekani na Uingereza za mwanzoni mwa karne ya 20 mambo yalikwenda kinyume: kabla hakijakuwapo kiwanda kilichouza redio kwa umma, walikuwapo watu waliokesha wakisikiliza mawimbi kwa vyombo walivyovifunga kwa mikono yao, na ni wao waliowaonyesha wenye viwanda kwamba kulikuwa na soko.

Kilichowawezesha ni jiwe. Mwaka 1874 mwanafizikia wa Ujerumani, Ferdinand Braun, aligundua kwamba baadhi ya madini, yakiwamo galena, yaani mchanganyiko wa asili wa risasi na salfa, hupitisha umeme kwa urahisi kuelekea upande mmoja tu pale yanapoguswa na ncha ya chuma. Jagadish Chandra Bose wa Kolkata alipata hataza ya Marekani mwaka 1904 kwa kifaa cha kunasa mawimbi kilichotumia galena, na miaka miwili baadaye Mmarekani Greenleaf Whittier Pickard akapata ya kwake kwa kifaa cha silikoni. Hataza hizo hazikumzuia mtu wa kawaida kununua kipande cha galena kwa bei ndogo, na hapo ndipo ilipozaliwa redio ya fuwele, yaani redio ambayo kazi ya kulitoa neno ndani ya wimbi hufanywa na jiwe la aina hiyo badala ya valvu za kioo, zilizokuwa ghali na zilizotaka betri.

Muundo wake ulikuwa mwepesi kiasi cha kumshangaza msomaji wa leo. Waya mrefu ulivutwa nje ya nyumba, aghalabu hadi kwenye mti au nguzo, ukawa antena, na waya wa pili ukafungwa kwenye bomba la maji ili kuupeleka umeme ardhini. Kati ya nyaya hizo palikuwa na koili, ambayo ni waya wa shaba uliozungushwa mizunguko mingi juu ya mwanzi wa kadibodi. Boksi la mviringo la shayiri ya uji lilipendwa sana kwa kazi hiyo, na mara nyingi likapakwa vanishi ili lisivute unyevu. Kituo kilitafutwa kwa kusogeza kigusio juu ya koili. Kwa kuwa wimbi la redio huenda na kurudi kwa kasi ambayo utando wa hedifoni hauwezi kuifuata, jiwe lilizuia nusu moja ya mwendo huo, na kilichobaki kikapanda na kushuka kama sauti ya msemaji. Nguvu yote iliyomfikia msikilizaji ilitoka kwenye mnara wa kituo chenyewe, ndiyo maana redio hiyo haikuhitaji betri wala umeme wa nyumbani, na ndiyo maana pia haikuweza kusikika na zaidi ya mtu mmoja au wawili waliobana hedifoni masikioni.

Ugumu ulikuwa kwenye jiwe. Si kila sehemu ya galena iliyofanya kazi, hivyo msikilizaji alilazimika kuupapasisha juu yake waya mwembamba wenye ncha, uliopewa jina la sharubu la paka, mpaka apate doa lililo hai. Mafuta ya vidole yaliliharibu, na mtu aliyepita chumbani kwa kishindo aliweza kuupoteza wimbo katikati ya ubeti.

Nchini Marekani sheria ya 1912 iliwasukumia wapenzi wa redio waliorusha mawimbi kwenye urefu usiozidi mita 200, kwa kudhani kwamba hapo hapakuwa na cha maana, na vita vya 1917 vikawafungia kabisa hadi 1919. Baada ya hapo mhandisi wa kampuni ya Westinghouse, Frank Conrad, alianza kupiga santuri hewani kutoka gereji yake ya Wilkinsburg, karibu na Pittsburgh, akisikilizwa na wapenzi wenzake. Septemba 1920 duka kubwa la mjini hapo lilitangaza gazetini kwamba linauza vipokezi vya kusikilizia santuri hizo. Tangazo hilo ndilo lililowazindua wakuu wa Westinghouse, na tarehe 2 Novemba mwaka huohuo kituo chao cha KDKA kikatangaza matokeo ya uchaguzi wa rais. Mwaka 1922 serikali yenyewe, kupitia ofisi yake ya viwango, ilichapisha mwongozo wa kujitengenezea redio kwa gharama ya takriban dola 10.

Uingereza ilichagua njia nyingine, na hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Kampuni ya BBC, iliyoundwa na watengenezaji wa redio Oktoba 1922 na kuanza kutangaza tarehe 14 Novemba, ilitegemea mapato ya aina mbili: sehemu ya ada ya leseni ya shilingi 10 aliyolipa kila msikilizaji, na tozo kwenye kila redio iliyotoka kiwandani ikiwa na muhuri wake. Mpango huo ulimsahau mtu aliyenunua waya na jiwe akaifunga redio yake jikoni, kwani chombo chake hakikuwa na muhuri, na leseni pekee iliyomfaa ilikuwa ile ya majaribio ya kisayansi, iliyotolewa na Posta. Maelfu kwa maelfu waliiomba, wengi wao bila nia yoyote ya kufanya jaribio lolote la sayansi, na wengine wasihesabike kwa kuwa waliamua kusikiliza bila leseni. Posta ilisitasita, kampuni ikalalamika kwamba inanyonywa, na magazeti yakauliza kwa haki kabisa ni kosa gani analolitenda mtu anayejitengenezea chombo kwa mali yake mwenyewe. Kamati iliyoongozwa na Sir Frederick Sykes iliteuliwa Aprili 1923 kuchunguza jambo hilo, na mwaka huohuo ikaanzishwa leseni ya wajenzi wa nyumbani, ya shilingi 15, kwa sharti la kutumia vipuri vya Uingereza. Ada hiyo ya juu ilikuwa, kwa kweli, faini ya ustadi, na haikudumu: kufikia 1925 mfumo wa tozo na muhuri ulikuwa umekufa na leseni imerudi kuwa ya aina moja, ya shilingi 10 kwa wote.

Sheria ilipomkubali fundi wa nyumbani, soko lilianza kumwacha, kwa kuwa katika miaka ya 1930 redio za valvu zenye spika zilishuka bei na jiwe likabaki kuwa la watoto na wenye kipato kidogo. Vita Kuu ya Pili vililirudisha. Askari wa Marekani waliokwama Anzio mwaka 1944 walitumia wembe na ncha ya penseli mahali pa galena. Katika visiwa vya Jersey na Guernsey, vilivyokaliwa na Wajerumani tangu 1940, redio zilitwaliwa mwaka 1942, nao wakazi wakaunda nyingine za fuwele kwa siri, ambazo nyingi zilipata sehemu ya kusikilizia kutoka kwenye simu za vibanda vya barabarani. Chombo hicho kilifichika kirahisi hata ndani ya kiberiti, tena umeme ulipokatika kabisa visiwani mapema mwaka 1945 kwa kukosa nishati, redio za valvu zilizokuwa zimesalimika mafichoni zilinyamaza isipokuwa za wenye betri, huku zile za jiwe zikiendelea kupokea habari za London kama kawaida.