Joseph Sittler: Mwanateolojia aliyeitetea ardhi mbele ya makanisa

WAJUMBE wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni walipokutana New Delhi, India, mwishoni mwa mwaka 1961, suala kuu lililokuwa mbele yao lilikuwa umoja wa Wakristo. Mwanateolojia wa Kilutheri kutoka Marekani, Joseph Sittler, aliposimama kuhutubia, aliupeleka mjadala huo mbali zaidi: hadi kwenye udongo, maji na hewa.

Akiutumia Waraka wa Mtume Paulo kwa Wakolosai, sura ya kwanza, Sittler alitoa hoja kwamba iwapo vitu vyote vimeumbwa kwa Kristo, basi ukombozi hauwezi kuishia katika nafsi ya mwanadamu peke yake. Alionya kuwa Kanisa linalotenganisha neema na maumbile huiacha dunia mikononi mwa wanaoipora.

Hotuba hiyo haikupokewa kwa kauli moja, na baadhi ya wasomi waliikosoa. Lakini ilitolewa kabla ya mwaka 1962, Rachel Carson alipochapisha kitabu cha Silent Spring kuhusu madhara ya viuatilifu. Mwaka 1967, mwanahistoria Lynn White aliutuhumu Ukristo wa Magharibi kuwa na lawama kubwa katika uharibifu wa mazingira. Wakati huo Sittler alikuwa amekwisha kuanza kulijibu swali hilo tangu mwaka 1954, katika makala yake kuhusu teolojia kwa ajili ya dunia.

Sittler alizaliwa Septemba 1904 katika mji wa Upper Sandusky, jimbo la Ohio, akiwa mtoto wa mchungaji. Naye alibarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1930 na kuhudumia usharika mmoja huko Cleveland Heights hadi mwaka 1943, alipoanza kufundisha katika seminari ya Kilutheri ya Maywood, karibu na Chicago. Kuanzia mwaka 1957 hadi 1973 alifundisha Chuo Kikuu cha Chicago.

Miongoni mwa maandishi yake ni The Care of the Earth (1964) na Essays on Nature and Grace (1972). Katika mahubiri yake alisisitiza kuwa mwanadamu hana budi kuifurahia dunia kwanza ndipo aitumie, kwa kuwa matumizi yasiyo na furaha wala shukrani huishia katika ufujaji.

Uzeeni alipoteza uwezo wa kuona, lakini hakuacha kuzungumza na wanafunzi. Alifariki dunia Desemba 1987, akiwa na umri wa miaka 83.

Miaka sita baadaye, mwaka 1993, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri nchini Marekani lilipitisha tamko rasmi kuhusu utunzaji wa uumbaji. Jambo lililozua ubishi New Delhi lilikuwa sasa limeingia katika msimamo wa Kanisa lenyewe.